Utafiti wa Kithamano na Neno la Msailiwa: Mtazamo kutoka Kaloleni

Utangulizi

Imekuwa ada katika idara zetu za Kiswahili kwamba mwanafunzi wa uzamili, afikapo kwenye sura ya mbinu za utafiti, huandika sentensi moja ya kujikinga: kwamba utafiti wake ni wa kithamano wala si wa kiidadi. Akishaiandika, hutaja mahojiano, uchunguzi shirikishi na unukuzi, kisha huharakia sura ya uchanganuzi. Humo ndani wasailiwa husema kwa Kiswahili sanifu kisicho na dosari, hata kama msailiwa mwenyewe ni ajuza wa miaka themanini ambaye hajapata kuketi darasani. Msomaji hutakiwa aamini. Wasimamizi nao, kwa wingi wa kazi, mara nyingi huamini.

Makala haya yanapinga mazoea hayo. Sidai kwamba utafiti wa kithamano ni dhaifu. Nadai kwamba una nguvu ambazo takwimu hazina. Lakini nguvu hizo zimo katika neno la msailiwa, na neno hilo likipotea njiani baina ya kinywa chake na ukurasa wetu, tunabaki na maoni yetu wenyewe tuliyoyavisha kanzu ya mtu mwingine. Data ya kithamano ni ushahidi. Na ushahidi, kama ajuavyo kila aliyewahi kuhudhuria baraza la wazee, hupimwa kwa kumsikia shahidi mwenyewe.

Nimechagua kulijadili suala hili kwa kuitazama Kaloleni, katika Kaunti ya Kilifi, kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo ambalo watafiti wa sayansi za jamii wamelizuru kwa zaidi ya nusu karne, na kwa hivyo tunaweza kuyapima matunda ya kazi yao. Pili, ni mahali ambapo Kigiriama, Kiswahili na Kiingereza hukutana kila siku: nyumbani, sokoni, shuleni na ofisini. Mtafiti wa elimu au wa fasihi aendaye huko hawezi kulikwepa swali la lugha.

Yasiyoonekana na hojaji

Mwanaanthropolojia David Parkin alifanya utafiti miongoni mwa wakulima Wagiriama wa Kaloleni katika miaka ya 1960, na mwaka wa 1972 akachapisha kitabu chake Palms, Wine, and Witnesses. Anwani hiyo inataja mambo matatu: minazi, tembo na mashahidi. Wakati huo biashara ya mbata ilikuwa imeifanya minazi kuwa mali yenye thamani. Baadhi ya wakulima, aghalabu wenye umri mdogo kuliko wazee waliokuwa na usemi, walikuwa wakinunua minazi na mashamba ya wenzao. Mauzo hayo yalitegemea kumbukumbu za wazee walioyashuhudia. Mzozo ulipozuka, ushahidi wao ndio uliotegemewa kuamua shamba ni la nani. Mnunuzi basi alikuwa na tatizo la pande mbili. Alihitaji fadhila za wazee, na papo hapo alitaka kuepuka gharama za karamu, tembo na ukarimu usiokwisha ambao ungeila faida yake yote.

Parkin alionyesha kwamba baadhi ya wakulima hao walisilimu baada ya kuugua na kuaguliwa kuwa wamepandwa na pepo wa Kiislamu. Kwa kuwa pepo huyo alimkataza mwenyeji wake tembo na vyakula visivyo halali, mtu aliweza kujitenga na ulaji na unywaji wa pamoja bila kuwavunjia wazee heshima. Wazee walibaki kuwa mashahidi wake, naye akabaki na akiba yake.

Hebu sasa tuchukulie kwamba mtafiti mwingine angefika Kaloleni miaka hiyo akiwa na hojaji yenye swali, "Dini yako ni ipi?" Angeondoka na idadi ya Waislamu, nayo huenda ingekuwa sahihi kabisa. Asingejua kwamba nyuma ya idadi hiyo mlikuwa na ugonjwa, uaguzi, minazi, deni la heshima na hofu ya kukosa shahidi. Mambo hayo hayajulikani kwa kutia alama kwenye kisanduku. Hujulikana kwa kukaa na watu, kuhudhuria kesi zao, na kusikiliza hata yale ambayo hukuyauliza.

Hii si kusema kwamba takwimu hazina kazi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi, na hakuna mahojiano yawezayo kutupa jibu la aina hiyo. Kila mbinu ina swali lake. Tukitaka kujua ni wasichana wangapi walioacha shule katika muhula fulani, tuhesabu. Tukitaka kujua uamuzi wa kuacha ulifikiwaje, nani aliusema kwanza na kwa maneno gani, hatuna budi kuketi na kusikiliza.

Kadhalika kuhusu lugha ya kufundishia. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka wa 2017, unatambua lugha ya eneo la shule kuwa chombo cha kufundishia katika madarasa ya chini. Mwalimu wa Kaloleni akipewa hojaji, yamkini atajaza jibu analojua kuwa linatakiwa. Mtafiti aliyeketi nyuma ya darasa kwa majuma kadhaa ndiye atakayesikia ni lugha gani mwalimu huikimbilia mtoto asipoelewa hesabu ya kutoa, na ni lugha gani humkemea kwayo.

Kutoka kinywani hadi ukurasani

Ikiwa nguvu ya mbinu hii ni neno lenyewe, tujiulize neno hilo hupata nini mikononi mwetu. Msailiwa wa Kaloleni husema kwa Kigiriama. Mkalimani, aghalabu kijana wa kidato cha nne wa kijiji hichohicho, hueleza kwa Kiswahili. Mtafiti huandika kwa Kiswahili sanifu, na kama yumo katika idara ya elimu au sosholojia, hufasiri tena kwa Kiingereza. Neno limevuka mito mitatu, na katika tasnifu hakuna aulizaye limefika likiwa hai au la.

Chukua neno "mudzi". Mzee wa Kigiriama akisema kwamba mjukuu wake aliacha shule kwa sababu mudzi ulikuwa na taabu, anazungumzia boma: mwenye boma, wake zake, wana waliooa, makaburi ya waliotangulia, na madeni ya mahari yanayowafunga pamoja. Mnukuzi akiandika "mji", kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili lenye asili moja na hilo, msomaji wa leo ataona barabara, maduka na taa za umeme. Mfasiri wa Kiingereza atamalizia kazi, na mtoto aliyeacha shule kwa dhiki ya ukoo wake atageuka kuwa mtoto aliyeharibiwa na maisha ya mjini. Pendekezo la sera litakalofuata litakuwa la kutibu ugonjwa usiokuwapo.

Chukua pia "koma". Kwa Mgiriama, koma ni wale waliokufa ambao bado ni jamaa: hukumbukwa, huombwa, na hulalamika wakisahauliwa. Mnukuzi akiandika "pepo", amewatia wahenga wa watu katika kundi la viumbe wengine kabisa, kwa maana pepo Wagiriama wanao na wanawatofautisha. Akiandika "shetani", amewalaani. Vivyo hivyo, "mutsai" ni mchawi, naye "muganga" ni adui wa mchawi. Lakini wako waandishi wa Kiingereza waliowachanganya wote wawili katika jina moja. Kosa la tafsiri hapa linaweza kumhukumu mtu.

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kaloleni ni nchi ya wagema, na methali hii inatufaa. Tumewasifu wanafunzi kwa manukuu laini yanayosomeka vizuri, nao wamejifunza kulitia maji neno la msailiwa ili lipendeze. Kigugumizi kimefutwa, marudio yamefutwa, Kigiriama kimefutwa. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tunafundishwa mapema kwamba marudio, vituo na viigizi ndivyo uhai wa usimulizi. Ajabu ni kwamba tukitoka kwenye ngano na kuingia kwenye mahojiano, tunavitupa vyote kama makapi.

Kiswahili si mwamuzi asiye na upande

Wanakiswahili wenzangu, hapa ndipo hoja inapotugusa wenyewe. Tumezoea kulalamika, tena kwa haki, kwamba Kiingereza kimewanyima Waafrika sauti katika taaluma. Twasema kwamba elimu ya Mwafrika iandikwe kwa lugha ya Mwafrika. Lakini tukifika Kaloleni tukiwa na Kiswahili chetu, je, hatumtendi Mgiriama kama Kiingereza kilivyotutenda sisi?

Kiswahili hakikufika kwa Wagiriama kama mgeni asiye na historia. Janet McIntosh, katika kitabu chake The Edge of Islam cha mwaka wa 2009, alichunguza uhusiano wa Wagiriama na Waswahili mjini Malindi na kuonyesha jinsi dini, lugha na hadhi zilivyofumwa pamoja, hata baadhi ya Wagiriama wakauona Uislamu kuwa wenye nguvu kubwa ilhali wakijiona wao wako nje ya mlango wake. Katika mazingira hayo, kumwuliza mzee swali kwa Kiswahili fasaha cha chuo kikuu ni kumweka mahali fulani kabla hajajibu. Atajibu kama raia mbele ya afisa, au kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Huenda akajibu kwa adabu tu ili mgeni aridhike aende zake. Tutaliita jibu hilo "data".

Katiba ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na katika kifungu hichohicho cha 7 inaiwajibisha dola kukuza na kulinda lugha za kiasili. Sioni mgongano hapo. Kiswahili kinaweza kuwa nyumba ambamo Kigiriama kimekaribishwa na kusikika kwa sauti yake. Si lazima kiwe ukuta wa kukizibia.

Mafunzo ya waliotangulia

Wako watakaosema kwamba Kigiriama hakina mazoea ya kuandikwa. Hoja hii haina mashiko. William Taylor, mmishonari wa Kiingereza, alichapisha msamiati na mkusanyo wa Kigiriama mwaka wa 1891. Taylor huyohuyo ndiye aliyeyahifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, na kila mwanafunzi wa ushairi anajua kwamba kazi hiyo isingewezekana bila Mwalimu Sikujua. Tunamjua Sikujua kwa sababu jina lake lilibakia katika kumbukumbu za kazi. Ni wakalimani wangapi wa Kaloleni waliofanya kazi ya Sikujua katika tasnifu zetu, nao wakaishia kuwa "msaidizi wa utafiti" asiye na jina?

Somo la pili ni la mwanahistoria Thomas Spear. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1978, The Kaya Complex, alitumia mapokeo simulizi ya Wamijikenda kujenga historia yao, ikiwemo simulizi ya kuhama kutoka Singwaya. Baadaye aliyachapisha mapokeo aliyoyakusanya katika kitabu cha pekee. Mwaka wa 1993 Justin Willis alitoa hoja kinzani, akidai kwamba simulizi ya asili moja inaeleza zaidi siasa za karne za karibuni kuliko safari ya kale. Msomaji anaweza kukubaliana na huyu au yule. Muhimu ni kwamba mjadala huo una kitu cha kushika: maneno ya wazee yamewekwa mezani, na kila mtu aweza kurudi kuyasoma. Je, katika tasnifu zetu, atakayetaka kutupinga miaka ishirini baadaye atapata nini mezani?

Kuhifadhi na kuficha

Hapana budi kuzungumzia maadili, kwani neno la msailiwa linaweza kumlinda na linaweza kumponza. Nina mifano miwili.

Mwaka wa 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Mwaka wa 1999, katika mkutano wa wataalamu wa taaluma za Kiafrika nchini Marekani, Udvardy alikitambua kimoja katika picha zilizoonyeshwa na mtafiti mwenzake, Linda Giles. Kilikuwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka wa 2007 familia ilirejeshewa vigango vyake. Picha moja ya nyanjani, iliyojulikana ilipigwa lini, wapi na ya nani, ilikuwa ushahidi ambao wenye makumbusho hawakuweza kuukana. Kumbukumbu kamili ya mtafiti iliirudishia familia haki yake.

Lakini mfano wa pili unatuonya. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa, na wengine wamelazimika kukimbia makwao, kwa kutuhumiwa uchawi. Kaya Godoma huko Ganze imekuwa kimbilio la baadhi yao. Mwanafunzi akiandika kwamba alimsaili "mganga mwanamume wa miaka 74, mwenye wake watatu, wa kijiji fulani karibu na soko", halafu akajisifu kwamba amelificha jina, hajaficha chochote. Kila mtu wa soko hilo amekwisha kumjua. Kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu hakitoshi hapa, wala Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 haitamfufua mtu.

Ni sharti basi tutofautishe. Fanani aliyetunga wimbo ana haki ya kutajwa kwa jina akitaka, kama atajwavyo mshairi katika diwani; kumwita "msailiwa wa 4" ni kumdhulumu. Lakini msailiwa aliyetoa siri ya ukoo, au aliyezungumzia utsai, afichwe jina, umri, kijiji na kila kinachomwelekea. Uamuzi huu haufanywi na fomu. Hufanywa na mtafiti pamoja na msailiwa, tena kwa lugha ambayo msailiwa anaielewa.

Mapendekezo

Kutokana na hayo, napendekeza mambo manne kwa idara zetu. Kwanza, kila nukuu inayobeba hoja kuu iandikwe kwa lugha iliyosemwa, na tafsiri ya Kiswahili iwekwe chini yake. Pili, sura ya mbinu ieleze nani aliuliza, kwa lugha gani, nani alifasiri na nani wengine walikuwapo. Tatu, kabla ya kuwasilisha tasnifu, mtafiti amrudie msailiwa amsomee alichomwandika. Yvonna Lincoln na Egon Guba walilitilia mkazo jambo hili katika kitabu chao cha mwaka wa 1985 kama njia mojawapo ya kuipa kazi ya kithamano uaminifu. Kwetu ni adabu ya kawaida, kwani asemewaye hupenda kujua amesemewa nini. Nne, unukuzi kamili uhifadhiwe katika maktaba ya idara, isipokuwa ule ambao kuuhifadhi kwaweza kumdhuru mtu.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Kurasa zitaongezeka: na ziwekwe kwenye kiambatisho. Mtahini wa nje hajui Kigiriama: atasoma tafsiri, na anayekijua atamsaidia kuipima. Nauli ya kurudi Kaloleni haipo: basi tupunguze idadi ya wasailiwa. Watu wanane waliosikilizwa mara mbili wana thamani kuliko arubaini waliosikilizwa nusu saa kila mmoja. Hakuna kanuni ya utafiti wa kithamano inayodai wingi. Inayodaiwa ni kina.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba sentensi "utafiti huu ni wa kithamano" ni ahadi nzito. Mwenye kuiandika anaahidi kwamba amesikia jambo ambalo hesabu haiwezi kulisikia, na kwamba yuko tayari kutuonyesha alilolisikia kama lilivyosemwa. Wakulima wa Kaloleni aliowaandika Parkin walijua kwamba shamba lisilo na shahidi halina mwenyewe. Tasnifu nayo haina tofauti. Sisi wa Kiswahili, tuliofunzwa kuliheshimu neno kuliko wanafunzi wa taaluma nyingine nyingi, tuna wajibu wa kuwa wa kwanza kuitimiza ahadi hiyo. Wahadhiri wetu na watudai hivyo, nasi tudaiane wenyewe kwa wenyewe.